Mtoto Anapoomba na Asieleweke: Matatizo ya Lugha katika Madarasa ya Mwanzo

Mwalimu wa darasa la kwanza anaandika ubaoni. Upepo unavuma na vumbi linaingia darasani. Bila kugeuka anasema, "Jamani, dirisha hilo liko wazi." Mtoto mmoja ananyanyuka na kulifunga. Mwingine, aliyeketi karibu zaidi na dirisha, analitazama, kisha anaitika kwa sauti, "Ndiyo, mwalimu, liko wazi." Darasa zima linacheka. Mwalimu anageuka akiwa amekunja uso, na mtoto yule anaambiwa kwamba ana kiburi.

Huenda mtoto huyo hakukusudia kiburi hata kidogo. Aliyasikia maneno yote, akayaelewa kama yalivyosemwa, akajibu kweli tupu. Lililompita ni kwamba maneno yale yalikuwa ombi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi watoto wadogo wenye matatizo ya lugha wanavyoelewa maombi na wanavyoomba wao wenyewe. Kadhalika tutaonyesha namna mwalimu anavyoweza kuwatambua watoto hao na kuwasaidia kabla hajawahukumu.

Watoto tunaowazungumzia

Tunaposema matatizo ya lugha, hatuna maana ya kigugumizi, wala ya mtoto anayesema "lafiki" badala ya "rafiki". Tuna maana ya mtoto ambaye anasikia, na ambaye hana kasoro nyingine iliyo wazi, lakini hupata taabu ya kudumu katika kuelewa lugha au kuitumia, hata taabu hiyo ikamkwaza nyumbani na shuleni. Watoto hawa si wachache kama tunavyodhani. Utafiti wa Courtenay Norbury na wenzake, uliochapishwa Uingereza mwaka 2016, ulikadiria kwamba kiasi cha asilimia 7 na nusu ya watoto wanaoanza shule wana tatizo hili, yaani kama watoto wawili katika darasa la watoto 30. Takwimu hizo ni za Uingereza. Hata hivyo zatosha kumtahadharisha mwalimu yeyote mwenye watoto 60 au 80 mbele yake.

Ombi ni nini?

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alieleza kwamba kusema ni kutenda. Mtu anaposema, aghalabu hatoi habari tu, bali huahidi, huonya, huomba au huamuru. Baadaye John Searle aliendeleza fikra hiyo, na mwaka 1975 akaonyesha jinsi sentensi yenye umbo la swali au la taarifa inavyoweza kubeba ombi ndani yake.

Kiswahili kina ngazi nyingi za ombi. Tutazame mtoto anayetaka kalamu. Aweza kusema "Nipe kalamu", aweza kulainisha, "Unipe kalamu", aweza kusema "Naomba kalamu", au "Tafadhali niazime kalamu." Aweza pia kuuliza, "Je, una kalamu mbili?" au kutoa taarifa tu, "Kalamu yangu imekwisha wino." Nia katika sentensi zote hizi ni moja, lakini maumbo ni mbalimbali na heshima haiko sawa.

Kwa hiyo ombi lina mambo matatu ambayo mwalimu hana budi kuyatenganisha. La kwanza ni nia: mtoto ajue kwamba mtu mwingine aweza kumsaidia kupata anachotaka. La pili ni umbo: awe na maneno na sarufi ya kuielezea nia hiyo. La tatu ni kufaa: ajue namna ya kuomba kwa mkubwa, kwa mwenzake na kwa mgeni. Mtoto aweza kuwa nalo moja akakosa mengine. Tukimwona hana adabu ilhali anakosa umbo tu, tutamwadhibu kwa kosa ambalo si lake.

Njia ya kawaida ya kujifunza kuomba

Kuomba hutangulia kusema. Mwaka 1975 Elizabeth Bates, Luigia Camaioni na Virginia Volterra walieleza jinsi mtoto mchanga, hata kabla ya kutimiza mwaka au karibu na kuutimiza, anavyonyosha mkono kuelekea kitu, kisha akamtazama mtu mzima, kisha akakitazama kitu tena. Huo ni ombi kamili lisilo na neno. Baadaye huja neno moja pamoja na ishara: "Maji!" Halafu huja kitenzi, na kadiri mtoto anavyokua hujifunza kulainisha ombi, kutoa sababu, na hata kuomba kwa kudokeza.

Katika kuelewa pia kuna hatua. Marilyn Shatz alionyesha mwaka 1978 kwamba watoto wa miaka miwili huelekea kuitikia maneno ya wakubwa kwa kitendo. Ukimwuliza mtoto wa umri huo, "Mlango unafungika?" huenda akaenda kuufunga. Hivyo basi, kutii ombi si dalili ya hakika kwamba mtoto ameielewa sentensi. Huenda ameielewa hali tu.

Taabu katika kuelewa maombi

Hapo ndipo mwalimu mgeni hudanganyika mara nyingi. Anasema, "Simameni, chukueni madaftari, mje mbele," na watoto wote wanakuja. Hakuona kwamba mmoja alisubiri kwanza, akawatazama wenzake, ndipo akanyanyuka. Mtoto huyo anafuata macho yake, hafuati maneno. Siku akiagizwa peke yake hupotea njiani, akarudi mikono mitupu.

Aghalabu taabu hutokea pale ambapo sentensi haisaidiwi na hali. Agizo lenye sehemu tatu humpita. Hushika ile ya mwisho na kuziacha mbili za kwanza. Viambishi vidogo navyo humpita. Katika Kiswahili sauti moja yaweza kugeuza jambo zima: "nipe" na "mpe" hutofautiana mwanzoni tu, lakini kitabu hufika kwa mtu mwingine. Hali kadhalika "mpe jirani yako kalamu" na "mwombe jirani yako kalamu" huhitaji matendo yanayopingana.

Tena kuna wale wanaoelewa sarufi lakini wanashindwa kuona nia iliyofichwa, kama mtoto wa dirishani. Kwao swali ni swali na taarifa ni taarifa. Mwalimu akiuliza, "Unaweza kutusomea?" mtoto hujibu "Ndiyo" akanyamaza, na mwalimu hudhani anadhihakiwa.

Taabu katika kuomba

Ombi la Kiswahili laweza kuwa neno moja, lakini neno hilo hubeba mzigo mkubwa. Tulichukue "nifungulie". Ndani yake mna mwenye kufaidiwa (ni-), kitendo (fungu-), dalili kwamba kitendo kinafanywa kwa ajili ya mtu (-li-), na irabu ya mwisho iliyogeuka kuwa -e. Mtoto mwenye chupa iliyozibwa akisema "Nifungue", amesema kana kwamba yeye ndiye aliyefungwa kamba. Vivyo hivyo "nishike" si "nishikie", na "nichukue" si "nichukulie". Mtoto mwenye tatizo la lugha huweza kuziacha sehemu hizi zote akasema "Fungua mimi", au "Mimi chupa", au akanyosha chupa tu bila neno.

Mtoto mdogo anayeanza kusema naye hukosea hivyo, wala hatumshangai. Ni pale makosa yanapodumu hadi umri wa kuanza shule, huku wenzake wameyaacha, ndipo tunapopaswa kuangalia kwa makini.

Mara nyingine sarufi haikosekani; kinachokosekana ni jina la kitu. Mtoto husema "nipe kile" huku vitu vitano viko mezani. Mtoto mwingine ana umbo moja tu la kuomba, "Nipe", na hulitumia kwa mwalimu mkuu kama anavyolitumia kwa mdogo wake. Huyu ndiye anayeitwa mjeuri.

Lakini dalili iliyo muhimu kuliko zote huonekana ombi linaposhindikana. Mtoto wa kawaida asipoeleweka hubadili maneno, huongeza ishara, au hueleza sababu. Mtoto mwenye tatizo aghalabu hurudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, kisha hunyakua, hupiga, hulia, au huacha kabisa. Anayenyakua huitwa mgomvi. Anayeacha huitwa mpole, na hasara yake ni kubwa zaidi kwa kuwa hakuna anayemwona. Ndiye anayekaa na kiu hadi saa sita, ndiye anayejikojolea darasani kwa sababu hakuweza kusema, "Mwalimu, naomba ruhusa kwenda chooni." Aibu ya siku moja kama hiyo yaweza kumfanya mtoto aichukie shule.

Tusichanganye mambo

Kabla ya kusema kwamba mtoto ana tatizo la lugha, mwalimu hana budi kuondoa shaka mbili.

Shaka ya kwanza ni masikio. Mtoto anayetoka usaha masikioni, anayeitika tu anapotazama midomo ya mwalimu, au anayegeuza kichwa upande mmoja kila anapoitwa, apelekwe hospitali akapimwe.

Shaka ya pili ni ugeni wa lugha. Watoto wengi wa Tanzania hufika shuleni wakiwa na Kisukuma, Kihaya, Kimakonde au lugha nyingine ya nyumbani, na Kiswahili wanakianza. Huko si kuwa na tatizo. Tatizo la kweli la lugha hujitokeza katika kila lugha anayotumia mtoto, ugeni hujitokeza katika lugha mpya peke yake. Kwa hiyo tumwulize mama, bibi au ndugu zake: Je, nyumbani anaagizwa na kutekeleza? Je, anaomba kama walivyoomba ndugu zake walipokuwa na umri wake? Je, wageni wanamwelewa? Jibu la bibi aliyewalea watoto wengi lina uzito mkubwa katika jambo hili.

La kufanya darasani

(a) Kuchunguza. Mwalimu atenge daftari dogo, na kwa muda wa majuma mawili aandike mambo matatu kuhusu mtoto anayemtilia shaka: alitaka nini, aliomba vipi, na nini kilitokea. Tena ampe, wakiwa wawili tu, maagizo yasiyoweza kubahatishwa, kama vile "Weka kitabu chini ya kiti." Mwalimu asikitazame kiti wala asikinyooshee kidole.

(b) Kusema kwa namna inayoeleweka. Mwite mtoto kwa jina lake, ngoja akutazame, kisha toa agizo moja kwa wakati mmoja. Tusiache kabisa maombi ya kudokeza, kwa maana mtoto atakutana nayo maisha yake yote, bali tuyafungamanishe na ombi la wazi: "Vumbi linaingia. Kwa hiyo, tafadhali funga dirisha." Akisikia mawili hayo pamoja mara nyingi, ataanza kuona uhusiano wake.

(c) Kumrudishia ombi lake likiwa kamili. Mtoto akisema "Mimi maji", mwalimu amjibu, "Aa, unaomba maji. Naomba maji. Haya, kanywe." Mtoto amepata maji, na papo hapo amesikia umbo sahihi. Hakukaripiwa, wala hakulazimishwa kurudia mbele ya wenzake.

(d) Kutengeneza haja ya kuomba. Tugawe karatasi tukamruka mmoja. Tumpe sanduku lililofungwa. Tumwite aandike ubaoni pasipo chaki. Kisha tungoje kidogo tukimtazama kwa uso mkunjufu. Tusimalize neno kwa niaba yake upesi, lakini tusingoje hadi afadhaike. Mchezo wa duka wafaa sana kwa kazi hii: vizibo vya soda viwe fedha, mawe yawe viazi, na kila mtoto azunguke zamu ya kununua na kuuza.

(e) Kumpa umbo moja la kuanzia. "Naomba" hufaa kwa vitu vingi na hukubalika kwa watu wote: naomba maji, naomba chaki, naomba msaada. Mtoto asiyeweza viambishi vya "nifungulie" aweza kusema "Naomba msaada" huku akinyosha chupa, na hakuna atakayemwita mjeuri.

(f) Kukubali ishara. Picha ya choo, ya maji na ya mkono ulioinuliwa zibandikwe ukutani mahali ambapo kila mtoto anaziona. Mtoto akiigusa picha, ameomba. Hapa twataka kusisitiza jambo moja: haja ya choo, maji na maumivu haviwi kamwe somo la sarufi. Mtoto asizuiliwe kwenda chooni eti mpaka aseme sawasawa.

Mwalimu akiona kwamba juhudi hizi hazikuleta nafuu baada ya muda, awashirikishe wazazi na mwalimu mkuu, na atafute ushauri wa walimu waliosomea elimu maalumu, kama wale wanaohitimu katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Daftari lake la uchunguzi litawafaa sana.

Hitimisho

Tumeona kwamba ombi lina nia, umbo na kufaa, na kwamba mtoto aweza kukwama mahali popote kati ya hayo. Kwa hiyo, pindi mtoto asipotekeleza ombi, au anapoomba vibaya, mwalimu ajiulize kwanza: Amekosa nia, amekosa maneno, au amekosa kujua desturi? Swali hilo halichukui hata dakika moja, nalo laweza kumwokoa mtoto na fimbo ambayo haikumstahili.

Zoezi

1. Katika mazoezi yako ya kufundisha, andika maombi kumi uliyoyatoa darasani kwa siku moja. Mangapi yalikuwa ya wazi, na mangapi ya kudokeza? Ni watoto gani walioyafuata kwa kuwatazama wenzao?

2. Mtoto wa darasa la kwanza anamwambia mwalimu mkuu, "Nipe mpira." Jadilini: ni mambo gani mtayachunguza kabla ya kusema kwamba hana adabu?