Mgongo wa Mlima na Maneno Yake: Istilahi za Kupanga Safari ya Kukwea

Miongoni mwa maandishi ambayo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali hutakiwa kuyaandaa ni maelezo ya safari za milimani: kijitabu cha hifadhi, barua ya kuwaomba wazazi ruhusa, tangazo la tahadhari kwa wageni. Mara nyingi maandishi hayo hutosheka na maneno mawili tu, 'kupanda mlima'. Maneno hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Mzazi anayetia sahihi barua yenye maneno hayo hajui kama mwanawe atatembea katika njia pana, au atapita juu ya jabali akishika mawe kwa mikono, na genge liko kando yake. Katika makala haya twakusudia kueleza istilahi zinazohitajika katika kupanga safari ya namna hiyo ya pili, na sababu za kuitunza maana ya kila moja.

Ili maelezo yasielee hewani, tumechagua mfano mmoja, nao ni Mlima Meru.

1. Mahali penyewe

Meru ni mlima wa volkeno ulio katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na kimo chake ni mita 4,566. Ubavu wake wa mashariki ulibomoka zamani za kale, ukaacha kasoko kubwa yenye umbo la kwato ya farasi. Njia rasmi huanzia lango la Momella, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza huishia Miriakamba, kiasi cha mita 2,500, na siku ya pili Saddle Hut, kiasi cha mita 3,570. Msafiri huondoka hapo usiku wa manane, akapita Rhino Point, kisha akafuata mzingo wa kasoko mpaka kileleni, mahali paitwapo Socialist Peak, yaani Kilele cha Ujamaa. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayotuhusu.

2. Mgongo, ukingo na genge

Maneno haya matatu huchanganywa. Mgongo ni sehemu ya mlima iliyoinuka na kurefuka, yenye mtelemko huku na huku, kama mgongo wa mnyama. Ukingo ni mwisho wa kitu: upande mmoja pana pa kukanyaga, upande wa pili hapana. Genge ni ule ukuta wa mwamba ulio chini ya ukingo. Safu ni milima mingi iliyofuatana, wala haifai kutumiwa kwa mgongo mmoja.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Msafiri aliye juu ya mgongo wa kawaida, akipatwa na upepo mkali, aweza kushukia upande wowote uliomkinga. Juu ya Meru sivyo. Anayepanda ana kasoko mkono wake wa kushoto, na kuta zake hufikia kiasi cha mita 1,500. Mkono wa kulia una mtelemko wa majivu ya volkeno na mawe yasiyotulia. Kwa hiyo twapendekeza sehemu hiyo iitwe 'ukingo wa kasoko', na neno 'mgongo' liachiwe pale penye pande mbili za kushukia. Mahali ambapo mtu akiteleza hakuna kitu cha kumzuia pasiitwe 'pa hatari' tu, maana hatari ni nyingi. Paelezwe waziwazi kuwa 'genge liko wazi upande wa kushoto'.

3. Kupanda, kukwea na kuparamia

Lugha yetu haina upungufu wa vitenzi hapa. Kilichopungua ni mapatano ya kuvigawia kazi. Kupanda ni neno la jumla: mtu hupanda ngazi, gari, hata cheo. Kusombera ni kupanda mti kwa kuukumbatia, nalo halifai kwa mwamba. Kuparamia kwaonekana kufaa, kwa kuwa ni kupanda kitu kwa kukidandia. Lakini neno hilo limekwisha kubeba maana ya kulivamia jambo bila kufikiri. Anayeparamia hakupanga, na sisi twazungumzia kupanga.

Lililobaki ni kukwea. Mkwezi wa minazi hutumia mikono na miguu pamoja, kwa ustadi na kwa kipimo. Twapendekeza basi daraja tatu. 'Kutembea' ni pale miguu inapotosha. 'Kukwea' ni pale mikono inapohitajika ili mtu asipoteze mizani au aweze kujivuta, lakini bila kamba. 'Kupanda kwa kamba' ni pale anguko lisipoweza kuzuiwa ila kwa kamba na mtu wa kuishika. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wapanda milima, lililoundwa mwaka 1932, nalo huweka mpaka papo hapo: daraja lake la I huanzia pale mikono inapohitajika kwa kutunza mizani.

Yapo maoni kwamba 'kukwea mlima' na 'kupanda mlima' ni jambo moja. Katika mazungumzo ni kweli. Lakini kazi ya istilahi ni kuyachukua maneno mawili yaliyo jirani na kuyawekea mpaka pale mpaka unapohitajika. Katika Meru sehemu kubwa ya njia ni ya kutembea. Sehemu za mwamba baada ya Rhino Point ni za kukwea. Barua kwa mzazi yapasa iyataje yote mawili.

4. Saa na kurudi

Mpango wa safari ni hesabu ya saa. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo ingali ikitumika: saa moja kwa kila kilomita tano hivi, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka Saddle Hut hadi kileleni pana karibu mita 1,000 za kupanda. Kwa kanuni hiyo kupanda peke yake kwaongeza kama saa moja na dakika arobaini. Hata hivyo, wasafiri wengi hutumia saa nne hadi sita kwa safari yote ya kwenda. Sababu ni kwamba kileleni kanieneo ya hewa ni kama asilimia 57 ya ile ya pwani, na pumzi haipatikani kwa wepesi. Tena mwamba wenye sakitu alfajiri hauruhusu mwendo wa haraka.

Hapa mfasiri ana mtego wake. Maelezo ya Kiingereza hutaja saa mbili baada ya usiku wa manane. Akiandika 'saa mbili usiku' badala ya 'saa nane za usiku', amewaamsha watu saa sita kabla ya wakati.

Istilahi mbili zaidi hazina budi kuwamo katika kila mpango. Ya kwanza ni 'njia ya kutokea', yaani njia ya kuushuka mlima kabla ya kufika mwisho. Katika ukingo wa Meru haipo. Hurudiwa njia ile ile, na kabla ya Rhino Point hupandwa tena. Ya pili ni 'saa ya kugeuka', yaani saa ambayo kikundi hurudi hata kama kilele kinaonekana. Isiitwe 'saa ya kushindwa'. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, na mpango unaoishia kileleni ni nusu ya mpango.

5. Mfano wa matumizi

Twatoa mfano wa aya ambayo mwalimu aweza kuiandika:

'Siku ya tatu tutaondoka Saddle Hut saa nane za usiku, pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu ya nyati na tembo walioko njiani. Baada ya Rhino Point tutafuata ukingo wa kasoko, genge likiwa wazi upande wa kushoto. Njia ni ya kutembea, pamoja na sehemu fupi za kukwea. Hakuna njia ya kutokea. Saa ya kugeuka ni saa mbili asubuhi. Mwenye kuumwa kichwa na kutapika atateremshwa mara moja pamoja na msindikizaji.'

Aya hiyo haina neno gumu hata moja. Lakini mzazi akiisoma ataweza kusema ndiyo au hapana kwa kujua, na hilo ndilo tunalolitarajia kutokana na istilahi.