Kibali cha Maji na Zamu za Kiangazi katika Bonde la Usangu

Mvua zinapokatika, mgogoro huwa ni uleule katika kata zetu: skimu ya juu ina maji, ya chini majaruba yamepasuka, na kila upande unaonesha kibali halali. Makala hii inaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea na namna ugawaji wa maji unavyopaswa kutekelezwa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, maji ni mali ya umma. Kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, nacho humpa mhusika haki ya kutumia maji. Hakimfanyi mmiliki wa mto. Mahitaji ya nyumbani hutangulia, yakifuatiwa na maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo kilimo na shughuli nyingine hugawana kinachobaki.

Ugumu umo katika tarakimu. Kibali hutaja lita kwa sekunde, ilhali mto haujui tarakimu. Tuchukue mfano wa mto wenye lita 1,000 kwa sekunde wakati wa masika na mabanio matatu, kila moja likiwa na kibali cha lita 300. Wote hupata, na lita 100 huendelea na safari. Kiangazi mto ukishuka hadi lita 300, banio la kwanza laweza kuchukua zote bila kuvuka tarakimu iliyoandikwa. Ndiyo maana wakati wa uhaba Bodi ina mamlaka ya kupunguza matumizi, na Jumuiya za Watumia Maji hupanga zamu. Zikitengwa lita 60 kwa ajili ya mto, kila banio litapata 80. Kipimo cha haki hapo ni fungu.

Yafaa kusema wazi kwamba mabanio ya zege, pamoja na faida zake zote, yameongeza uzito wa suala hili. Banio la zamani la miti, mawe na majani lilivuja, na uvujaji huo ndio uliomfikia mkulima wa chini. Lango la chuma halivuji. Mwenye ufunguo wake ameshika riziki ya watu asiowaona, na kwa sababu hiyo ratiba ya zamu haipaswi kubaki kichwani mwa mtu mmoja. Ibandikwe mahali ambapo wa juu na wa chini wataisoma.

Wapo wanaouliza kwa nini mifereji isifungwe kabisa baada ya mavuno. Jibu ni kwamba vijiji vingi huchota humo maji ya kunywa na kupikia. Hivyo mfereji mrefu huachwa ukitiririka kiangazi kizima kwa ajili ya ndoo chache, huku sehemu kubwa ikipotea kwa mvuke na kuzama ardhini. Visima na mabomba ya vijijini, basi, ni sehemu ya ugawaji wa maji ya kilimo, ingawa kwa kawaida huhesabiwa katika fungu jingine la bajeti.

Maji yanayorudishwa mtoni hupita Ihefu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha huingia mabwawa ya Mtera na Kidatu, yenye mitambo ya megawati 80 na 204. Tangu mwaka 1993, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi nyakati za kiangazi. Kilimo cha Usangu si sababu pekee inayotajwa, lakini ndicho kilicho mikononi mwetu.

Achotaye kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali. Mwenye mfereji au pampu ya kumwagilia anakihitaji, na maombi huwasilishwa Bodi ya Bonde. Anayenyimwa zamu yake aanze kwa viongozi wa jumuiya, akiwa na nakala ya ratiba na tarehe za siku alizokosa maji. Wasiposuluhisha, shauri lipelekwe Bodi.