Mlango wa Kizazi Wakati wa Mimba

Akina mama hutuuliza: mtoto hukaaje tumboni asianguke? Chini ya nyumba ya mtoto kuna mlango wa kizazi. Kabla ya mimba ni mgumu kama ncha ya pua. Mimba ikiingia hulainika kama mdomo, lakini hubaki umefungwa, na ute mzito huuziba kuzuia viini vya magonjwa. Siku zikikaribia hufupika, kisha uchungu huufungua hadi sentimita 10.

Ute wenye damu kidogo mwezi wa tisa ni dalili ya kujitayarisha. Lakini damu nyingi wakati wowote, au uchungu au maji kabla ya wiki 37, ni hatari. Mama asingoje kukuche, aende hospitali. Wanakikundi, tuweke akiba ya gari mapema.