Soli ya mtumba ilivyonizuia kufika kwenye barafu ya Rwenzori

UKIISHI Kibenga, jirani na Ziwa Tanganyika, barafu unayoijua ni ya kwenye friji na ile ya kuhifadhia samaki. Hata mimi niliijua hivyo. Nilizaliwa katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa wazazi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Nilisoma huko kwa Kiswahili, nikarudi Burundi mwaka 2008, na sasa ninafundisha jiografia. Siku moja mwanafunzi aliniuliza: “Mwalimu, hiyo barafu ya kwenye Ikweta, wewe umeiona?”

Nilikosa la kumjibu. Ndipo mimi na rafiki niliyesoma naye Ulyankulu, ambaye siku hizi anafanya biashara ya mipakani, tukaanza kuweka akiba kidogo kidogo. Tulikusudia kwenda Margherita, kilele chenye urefu wa mita 5,109 katika milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Mtawala wa Abruzzi, Mwitaliano, alifika hapo Juni 1906. Hadi leo, mwenye kutaka kufika hukanyaga barafu.

Tulisafiri Agosti 2024. Kwa kuwa Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake na Rwanda tangu Januari mwaka huo, tulizunguka kwa Kobero na Kabanga, tukapita Biharamulo na Bukoba, tukavuka Mutukula hadi Kasese. Wasomaji wanaofanya biashara wanaijua njia hiyo. Mwenzangu alinionya mapema: beba koti moja, si matatu, na uondoe lebo za dukani. Vitu vikiwa vingi na vipya, afisa wa forodha ataviona kuwa ni bidhaa.

Katika kuchagua vifaa nilimkumbuka marehemu baba. Tulipokuwa tukifunga mizigo ya kurudi nyumbani mwaka 2008, kila kitu alikipima kwa swali moja: “Nikikikosa hiki huko niendako, nitakipata wapi?” Kitanda kilibaki, cherehani ikapanda lori.

Kwa kipimo hicho, meno ya chuma ya kufunga chini ya kiatu, sururu ya barafu, kofia ngumu na mkanda wa kiunoni wa kufungia kamba hatukuvinunua. Vinakodishwa upande wa Kasese. Aidha, kamba na mkanda si vitu vya kununua mtumba. Jua au kemikali vinaweza kuvidhoofisha bila macho kuona dosari, na uhai wako unaning’inia hapo.

Nguo, kinyume chake, tulizipata kwenye mitumba kwa bei nafuu. Tulichagua za sufu na za sintetiki, tukaziacha za pamba. Pamba ikishalowa hushika maji, na mwili hupoa haraka. Tulinunua glovu jozi mbili kila mtu, miwani ya giza kwa sababu mwanga wa theluji huunguza macho, na tochi za kichwani, maana safari ya kileleni huanza usiku wa manane. Betri za akiba hulazwa ndani ya mfuko wa kulalia, kwani baridi huzipunguzia nguvu. Mabuti ya mpira nayo ni lazima: kabla ya kuiona barafu kuna siku nzima za matope, hasa kinamasi cha Bigo.

Kila kitu tulikifunga kwanza katika mifuko ya plastiki. Mfuko wa kulalia uliwekwa chini, vizito vikakaa katikati karibu na mgongo, koti la mvua juu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilipowaona wapagazi wa Kikonzo wakipanda na mizigo yetu, niliona aibu kwa kila kitu cha ziada nilichobeba.

Kosa langu lilikuwa viatu. Katika soko moja la Bujumbura nilipata jozi ya viatu vigumu vya mlimani, vikiwa kama vipya. Ningeweza kuvikodi, lakini bei ilinivutia, na nikalisahau swali la baba. Jioni, katika kibanda cha Elena, mita 4,541 juu ya usawa wa bahari, kiongozi wetu alikishika kiatu cha kulia akakikunja. Soli ikaachama kama mdomo wa kambare. Sponji ya kati ilikuwa imegeuka unga.

Niliomba tufunge kwa gundi na waya. Alikataa kwa Kiswahili chepesi: “Mwalimu, meno ya chuma yanashika kiatu. Kiatu kikiachia, utateleza na kutuvuta wote.” Alikuwa na haki. Mwenzangu alipanda, mimi nikabaki kibandani nikihesabu taa zao gizani hadi zikapotea.

Baadaye nilielewa sababu. Sponji ya aina ile huharibiwa na unyevu na miaka, hata kama kiatu hakijavaliwa. Wanaofungua marobota ya viatu, nawaomba: mkikuta jozi ya namna hiyo, kunjeni soli kwa nguvu, bonyezeni sponji kwa ukucha. Ikipasuka au kumeguka, msimuuzie mtu.

Darasani nilisema ukweli: mwalimu aliiona barafu kwa mbali, hakuikanyaga. Wanafunzi walicheka, kisha yule wa swali akauliza kama nitarudi. Nitarudi, na nina haraka. Novemba 2022 UNESCO ilionya kuwa barafu za maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika huenda zikatoweka ifikapo mwaka 2050, na Rwenzori ni mojawapo ya maeneo hayo.

Begi liko wazi sakafuni hapa Kibenga. Safari hii viatu nitavikodi.