Upakiaji wa mfuko wa kulalia

Upakiaji wa mfuko wa kulalia ni namna ya kuuweka mfuko huo katika begi la mgongoni ili ufike kambini ukiwa mkavu na wenye uwezo wa kutunza joto. Hufanywa na wapanda milima, maskauti, askari na wasafiri wengine wanaolala katika mahema. Penye baridi kali, mfuko uliolowa unaweza kuhatarisha maisha, kwa sababu mwili wa aliyelala hupoteza joto upesi kuliko unavyolizalisha.

Jinsi mfuko unavyotunza joto

Mfuko wa kulalia hautoi joto wenyewe. Kazi yake ni kuishika hewa iliyopashwa moto na mwili. Hewa hiyo hukaa katikati ya vitu vilivyojazwa kati ya kitambaa cha nje na cha ndani, ambavyo kwa kawaida ni vya aina mbili:

- Manyoya laini ya bata au bata bukini: ni mepesi na hubanika sana, lakini yakilowa hushikamana, hayashiki tena hewa, na huchukua muda mrefu kukauka.
- Nyuzi za poliesta: ni nzito zaidi na huchukua nafasi kubwa, lakini zikipata unyevu hubaki na sehemu ya joto lake, tena hukauka mapema.

Hatua za kupakia

Mfuko wa kulalia huwa na mfuko wake mdogo wa kuhifadhia safarini. Kwanza ndani ya mfuko huo mdogo huwekwa mfuko mwingine usiopitisha maji. Kisha mfuko wa kulalia husukumwa humo konzi kwa konzi, ukianzia upande wa miguu, ili hewa itokee upande wa kichwa ulio wazi. Haukunjwi kama blanketi, kwa kuwa mikunjo inayorudiwa mahali palepale huchosha nyuzi na kupunguza unene wake. Mwishowe mdomo hufungwa na mikanda ya kubana hukazwa kidogokidogo pande zote.

Mahali pake ni chini kabisa ya begi, kwa sababu ni mwepesi na hauhitajiki hadi usiku. Vitu vizito, kama vile chakula na maji, hukaa juu yake, karibu na mgongo, ili begi lisimvute mbebaji nyuma. Kuufunga nje ya begi huuweka wazi kwa mvua na matawi. Mkeka wa sponji unaweza kufungwa nje, maana aina nyingi hazinyonyi maji.

Kifuniko cha mvua cha begi peke yake hakitoshi, kwa kuwa maji yanaweza kupenya upande wa mgongoni usiofunikwa.

Katika Mlima Kilimanjaro

Katika Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, njia nyingi huanzia katika msitu wa mvua, na usiku katika kambi za juu halijoto hushuka chini ya sifuri. Mfuko uliolowa msituni ni vigumu kukauka kabla ya kufika huko. Kwa kawaida mfuko wa mgeni hubebwa na mpagazi ndani ya begi kubwa, pamoja na mizigo mingine. Wapagazi nao hulala kambini, hivyo huhitaji kukinga vifaa vyao vilevile.

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini Tanzania. Kwa hiyo wasafiri hutumia mifuko ya kitambaa kisichopitisha maji, ambayo mdomo wake huviringishwa mara kadhaa kabla ya kufungwa.

Baada ya safari

Mfuko hutolewa, huanikwa kivulini hadi ukauke kabisa, kisha huhifadhiwa ukiwa umetundikwa au ndani ya mfuko mkubwa wa pamba. Ukiachwa umebanwa kwa miezi mingi, manyoya au nyuzi zake hazitutumki tena kama awali, na joto lake hupungua.