Majirani wa Kabichi

Wenzetu wa Mtama wajua kwamba kabichi haipendi joto. Katika bonde la Lukuledi yafaa mbegu ziatikwe masika yanapokwisha, ili vichwa vifunge wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Lakini ukavu huo humfaa pia adui wake mkubwa, nondo mdogo mwenye alama za almasi mgongoni. Viwavi wake wa kijani hutoboa majani, nao wamekwisha kuzoea dawa nyingi. Basi anyunyizaye kila wiki aweza kuwalisha watoto wake sumu na viwavi wasife.

Twaona heri kabichi ipewe majirani. Wakulima wa Bara Hindi hupanda safu za nyanya mwezi mmoja mbele, kwani harufu yake humpoteza nondo atafutaye pa kutaga. Kandokando husia haradali siku 15 kabla ya kabichi, na tena siku 25 baadaye. Nondo huipenda zaidi. Basi ing'olewe na kuchomwa kabla viwavi hawajakomaa. Giligilani nayo iachwe itoe maua, wale humo nyigu wadogo wauao viwavi. (Wenye jiko wataona hasara, nasi twawaelewa: majani machache yachumwe.) Vitunguu twavisifu kwa mchuzi kuliko kwa ulinzi.