Kilima kilichozaliwa chini ya ardhi

Haya wajukuu zangu, sogeeni. Ukitoka Msambweni ukaelekea bara, utakiona Kilima cha Jombo kimesimama peke yake katika nchi ya Kwale. Leo kinaota jua, lakini mawe yake yalizaliwa gizani.

Zama za dinosaria, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, ilipanda kutoka vilindini ikapenya mawe ya mchanga ya Duruma, ambayo hata wakati huo yalikuwa makongwe. Ikakwama humo humo, ikapoa taratibu mno. Magma ikimwagika nje hupoa upesi, na chembe za jiwe lake huwa ndogo hata hazionekani. Ikipoa chini kwa chini, fuwele hupata muda wa kukua. Okota jiwe la Jombo uliangalie: fuwele zake utaziona kwa macho yako, bila kioo chochote.

Lakini kwatzi, ile iliyojaa kwenye mchanga wa ufukweni, utaitafuta humo uchoke. Kwatzi ni silika tupu, na magma ya Jombo ilikuwa na silika haba na sodiamu tele. Ilikuwa kama karamu ya sinia moja la pilau na wageni kibao: silika yote ililiwa na madini mengine, kwatzi haikuachiwa hata ukoko. Miongoni mwa walaji hao yumo nefelini, madini ya kijivu yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Huyu mvua humla upesi kuliko jirani yake felspari, ndiyo maana jiwe lililokaa nje muda mrefu huwa na vishimo.

Mnauliza kilima kilifikaje juu? Mvua na mito iliyala mawe ya mchanga yaliyokifunika, kidogo kidogo, yakaisha. Jombo, kwa kuwa kigumu zaidi, kikabaki.

Kusini mwa Jombo iko Mrima, kaya ya Wadigo, yaani msitu wao mtakatifu, kilima cha ukoo huo huo. Huko magma ilikuwa ya ajabu zaidi: jiwe lake ni la kaboneti, jamii ya chokaa, ila limetokana na moto. Lina niobi, madini ya kuimarishia chuma cha pua. Ila usitarajie kulikwaa njiani. Limeoza likawa udongo unaokwenda chini sana, hata wanajiolojia waliotaka kuona jiwe zima walilazimika kuchoronga.